Mlango wa banda la kuku ufungwe, ila hewa itafutiwe njia nyingine

Swali: Bwana mifugo, shikamoo. Mimi nipo Mkuranga, nafuga kuku wa kienyeji kama 40. Banda langu ni la tofali za saruji, juu bati, lina dirisha dogo moja na mlango wa mbao. Mwanzoni nilikuwa nafunga mlango kila usiku. Asubuhi nikifungua nakuta kuku wameachama midomo wanahema, na siku moja nilikuta wawili wamekufa bila jeraha lolote. Jirani akasema ni joto, niache mlango wazi wapate hewa. Nikaacha. Hazikupita wiki mbili, nikaamka nikakuta watano wameng'atwa shingoni, wamelala hapo hapo, hawajaliwa isipokuwa mmoja kichwa. Baba yangu anasema zamani kuku walilala juu ya mwembe na hakuna aliyewafungia. Sasa nifunge au nisifunge?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa hasara. Funga, tena uanze leo jioni. Aliyeua kuku wako watano ameshajua njia, na wanyama wa namna hiyo hurudi pale walipopata riziki. Ila usifunge kama ulivyokuwa ukifunga mwanzo. Umepata hasara mbili zenye sababu mbili tofauti, na mlango umelaumiwa kwa zote. Kazi ya mlango ni kuzuia. Hewa ina njia zake, na katika banda lako njia hizo hazipo.

Nianze na wale watano, maana mizoga inasema mengi kwa mtu anayeitazama kabla ya kuifukia. Kuku wengi kuuawa usiku mmoja, jeraha likiwa shingoni au nyuma ya kichwa, nyama ikaachwa: hiyo ni kazi ya kicheche au kanu. Kicheche ni yule mdogo mweusi mwenye mistari mieupe mgongoni. Akipita unamjua kwa harufu, na ile harufu hubaki bandani hadi mchana. Yeye ni mchimbaji, hupenda kupita chini ya mlango. Kanu ana madoa na mkia mrefu wenye pete, hanuki namna ile, na ni hodari wa kupanda. Ukiziba chini yeye huingilia juu, kwenye ule mwanya kati ya ukuta na bati. Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari, inama utazame kizingiti kama pamefukuliwa, kisha panda juu ya kiti utazame kenchi kama kuna manyoya au alama za kucha. Ingawa kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, sidhani kama alijisumbua kutafuta njia nyingine.

Watu huuliza kwa nini aue watano na ale kichwa kimoja. Kuku gizani haoni. Akishtuka hupiga mabawa ovyo na kugonga ukuta, na mnyama wa kuwinda akiona kitu kinapapatika mbele yake hukirukia, hata kama tayari ana kingine mdomoni. Porini, akikamata mmoja wengine hutawanyika na vurugu hukoma. Ndani ya chumba hakuna pa kutawanyikia, na mlango ulio wazi hauwasaidii kitu kwa sababu hawauoni. Atakwenda mmoja mmoja mpaka kimya kiingie.

Kama siku nyingine dalili zitakuwa tofauti, ujue mgeni ni mwingine. Mbwa huchana mgongo na mapaja, na manyoya hutapakaa uwanjani. Nyegere habembelezi mlango: huvunja ubao, huchimba shimo kubwa, na asubuhi utadhani mtu amepita na sururu. Kuku mmoja kutoweka bila tone la damu ni chatu au mwizi, na chatu wakati mwingine utamkuta bado yumo ndani, ameshiba hawezi kupita tena kwenye tundu aliloingilia. Mayai yakiisha bila ganda hata moja, fikiria nyoka. Ukikuta maganda yamevunjika karibu na jiwe au ukuta, fikiria nguchiro, ambaye hulishika yai kwa miguu ya mbele na kulirusha nyuma kati ya miguu lipasuke. Lakini nguchiro wengi hutembea mchana, mlango wa usiku hauwahusu. Vifaranga wakipungua kimyakimya, tafuta mashimo ya panya.

Mizoga hiyo usiwape mbwa wala usiile. Wanyama hawa wa porini wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ishike kwa mfuko wa nailoni mkononi, chimba shimo refu, fukia.

Sasa wale wawili waliokufa bila jeraha. Hapa jirani yako anaweza kuwa amesema kweli, lakini kabla ya kulaumu joto nataka uondoe mashaka ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri. Je, walikuwa wamezubaa siku moja mbili kabla? Walihara kijani? Kuna aliyepinda shingo au kuburuta bawa? Kuku wa mdondo naye huachama mdomo na kuhema. Tofauti ni kwamba mwenye shida ya hewa, ukimtoa nje, baada ya muda mfupi hufunga mdomo akaanza kuparua. Mgonjwa huendelea kusimama pembeni amejikunyata. Na mdondo hauchukui wawili ukaridhika, huwa unafagia. Kama hujawahi kuchanja, chanja hata kama sivyo: kuna chanjo ya I-2 inayotengenezwa hapo hapo mkoani kwenu, Kibaha, tone moja jichoni kwa kila kuku, kisha unarudia kila miezi mitatu. Chanja walio wazima tu.

Tukiutoa mdondo, linabaki banda lenyewe. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, kuliko letu, na hana jasho. Joto hulitoa kwa kuhema, na kidogo kupitia ule undu mwekundu wa kichwani na sehemu zisizo na manyoya. Akihema anatoa mvuke. Kuku 40 wakihema usiku kucha katika chumba kilichozibwa, hewa inakuwa nzito ya unyevu, na hewa nzito ikishafika hapo hata kuhema hakusaidii tena. Wengi hulaumu bati, lakini bati likishakosa jua hupoa upesi. Tofali za saruji ndizo zinazonyonya joto mchana kutwa na kulirudisha ndani taratibu usiku, saa zile zile ulizofunga mlango. Ongeza kinyesi, ambacho kikilowana hutoa amonia, ile harufu kali inayochoma macho.

Pima mwenyewe. Kesho alfajiri, kabla kuku hawajatoka, ingia bandani, uchuchumae mpaka kichwa chako kiwe usawa wa wao wanapolala, ukae hapo kwa muda wa kuhesabu hadi 60 polepole. Macho yakiwasha au pua ikikereka, wao wamelala humo saa kumi na mbili. Ukisimama hutaisikia vile, kwa sababu kinyesi kipo chini.

Dawa yake ni kubomoa kidogo. Kwa Pwani, ukuta wa tofali unatosha kuishia kiunoni au hata chini ya hapo. Kutoka hapo hadi kwenye bati uwe wavu. Kama hutaki kuvunja ukuta mzima, fungua madirisha mapana pande mbili zinazotazamana ili upepo upite uingie huku utokee kule, halafu acha upenyo wa kiganja kimoja chini ya bati kuzunguka banda lote, maana hewa ya moto hupanda juu na lazima ipate pa kutokea. Dirisha moja, hata likiwa kubwa, ni mdomo usio na njia ya kutokea.

Kila unapofungua, weka wavu, na hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita unaouzwa kwa jina la wavu wa kuku umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Kumzuia kanu asiingie ni habari nyingine: ni dhaifu mbele yake, na ukishapata kutu hata paka huusukuma. Tena kuku akilala ameegemea, mnyama hupitisha mkono na kumvuta kichwa akiwa nje. Nunua wavu mgumu uliochomelewa, matundu ya nusu inchi. Ni ghali zaidi, kwa hiyo kama fedha haitoshi weka huo mgumu sehemu ya chini na kwenye upenyo wa chini ya bati, kisha wa kawaida ukunje mara mbili katikati, na uwaweke kuku mbali na ukuta. Usiupigilie kwa misumari ya kupinda peke yake. Bana ukingo kwa papi za mbao. Tundu ambalo kichwa cha kanu kinapita, mwili wake nao utapita.

Na mlango wenyewe? Tengeneza wa pili. Fremu ya mbao, wavu wa nusu inchi, na chini kipande cha bati urefu wa futi moja ili asiutafune wala kuusukuma. Huo wa wavu ndio utakaofungwa kila usiku. Ule wa mbao ulio nao ubaki nje yake, uufunge usiku wa mvua ya upepo tu. Chini ya kizingiti chimba mtaro wa sentimita 30, ujaze mawe na zege, au laza wavu chini ukitokeza nje na uufukie. Mchimbaji huanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi, akikuta wavu huchoka. Komeo liwe mawili, juu na chini, kwa sababu mlango mwepesi wenye komeo moja katikati huvutika pembeni.

Kwa leo, ukiwa hujapata wavu, punguza idadi. Hamishia nusu ya kuku stoo au kwenye chumba kingine kinachofungika, toa tofali mbili tatu za juu kila upande, funika matundu hayo kwa chochote cha chuma chenye vitundu, kisha funga. Hujaniambia ukubwa wa banda, lakini kuku wakubwa wa kienyeji wanne au watano wanatosha mita moja ya mraba. Wako 40 wanahitaji chumba cha hatua kubwa tatu kwa tatu. Kama ni dogo kuliko hapo, wavu pekee hautakuokoa.

Wasomaji wa Njombe na Makete wasinielewe vibaya. Huko baridi ni kali, na mlango wa mbao ufungwe, lakini upenyo wa juu ubaki wazi, kwa kuwa unyevu unaua huko kama huku. Wakitundika viroba au turubai kwenye wavu, wazipandishe kutoka chini kwenda juu, ili panapobaki wazi pawe juu ya vichwa vya kuku. Wengi hufanya kinyume, wanatundika juu na kuacha chini wazi, na upepo wa usiku unawapiga kuku wenyewe.

Nimuheshimu na mzee. Baba yako anasema kweli: kuku wa asili, yule wa misitu ya Asia ambaye hawa wetu wametokana naye, hulala mtini mpaka leo. Juu ya mwembe hewa ni tele, amonia haipo, na wadudu wa nyufani hawana makazi. Lakini zamani hiyo mtu alikuwa na kuku wanane, mbwa wawili wanalala chini ya mti, na akipotea mmoja wanasema mwewe kachukua maisha yanaendelea. Bundi huwachukua mtini, na kanu ni mkwezi kuliko kuku. Wewe una 40 na unawanunulia pumba. Chukua kwa mzee kile kizuri cha mwembe, yaani kulala juu na hewa kupita: weka vichanja vya miti laini iliyomenywa magome, usawa wa kiunoni, kila kuku apate kiasi cha shibiri moja. Vilaze juu ya vijiti vya kuegemeza bila kupigilia misumari, ili uweze kuvitoa nje.

Sababu ya kuvitoa ni hii. Ukishafunga mlango, umewafungia kuku pamoja na kila kilichomo ndani, na adui mkubwa wa usiku katika mabanda ya Pwani mara nyingi hana miguu minne. Ni papasi. Ni mdudu bapa wa kijivu, mchana amejibanza kwenye ufa wa ukuta au chini ya gome la kichanja, usiku hutoka kunyonya damu kisha hurudi. Ukiingia mchana hutamwona hata mmoja. Anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula, kwa hiyo kuliacha banda tupu miezi miwili mitatu hakumuui. Kuku hupauka undu, hupunguza kutaga, na vifaranga hufa kwa kuishiwa damu. Tena huambukiza homa kali ya kuku. Mfugaji husema wameingiwa na ugonjwa wa ajabu.

Chukua tochi saa nne usiku, pitisha kidole chini ya kichanja pale kinapogusa ukuta. Kidole kikitoka na damu, au ukiona vitu vinakimbilia ufani, umepata jibu. Ziba nyufa zote kwa saruji, paka chokaa, toa vichanja uvimwagie maji yanayochemka, na kama wamezidi nenda duka la pembejeo upate dawa ya kupulizia kuta, kuku wakiwa nje, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Weka na sehemu yenye mchanga na majivu waogee mavumbi. Hiyo ni ya chawa na utitiri, papasi haimtishi.

Jambo la pili linalotokana na kufunga ni siafu. Wakati wa masika wanahama, na wakilipitia banda, kuku wa mwembeni huruka akaenda zake, wa bandani hana pa kwenda. Nimeona banda zima likiwa limebaki manyoya na mifupa, mlango umefungwa vizuri kabisa na kufuli. Hivyo ukisikia kuku wanahangaika usiku wakigonga gonga bila kelele ya kukamatwa, usigeuze upande wa pili wa mto. Toka na tochi, umulike chini kwanza. Fyeka nyasi kuzunguka banda, na msimu huo mwaga majivu mengi mzunguko mzima, uyarudie kila mvua ikiyaosha. Wenye mabanda ya kuinuliwa huweka kila mguu kwenye kopo la oili chafu, na hiyo inafanya kazi vizuri kuliko majivu. Ufunguo wa kufuli utundikwe mahali pamoja ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua, hata mtoto.

Tochi usiiache, na sababu nyingine ni nyoka. Swila hupenda mayai na vifaranga, naye akitishwa hutema machoni. Usipeleke mkono kwenye kiota gizani. Ikitokea amekutemea, osha macho kwa maji mengi bila kusugua, uende zahanati.

Wezi nitawaongelea kifupi kwa kuwa wavu hauna dawa yao. Koleo moja unakatika. Nondo nyuma ya wavu, banda karibu na dirisha la chumba unacholala, na mbwa. Kanga wawili watatu nao ni walinzi wazuri, wanapiga kelele kwa kila kivuli, ingawa majirani hawatakushukuru.

Limebaki suala la saa. Siku hizi wapo wanaouza mitandaoni milango inayojifunga yenyewe. Imebuniwa kwa nchi kama Uingereza, ambako London jua la Desemba huzama karibu saa kumi jioni na la Juni huvuka saa tatu usiku, mfugaji lazima ahangaike. Kwetu Pwani jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na kuku wanajua saa hiyo kuliko sisi. Hela hiyo nunua wavu. Subiri wa mwisho aingie, mulika vichanja, wahesabu, ndipo ufunge. Kuhesabu ni muhimu, kwa sababu anayekosekana huenda anaatamia vichakani, na huko hakuna mlango. Kuku mgeni uliyemnunua mnadani, baada ya kumtenga wiki mbili ukihakikisha hana ugonjwa, mfungie ndani na wenzake siku tano hadi saba kabla ya kumruhusu kutoka, la sivyo jioni atalala popote.

Asubuhi usikimbilie kufungua alfajiri. Saa kumi na moja na kumi na mbili bado kuna wawindaji wanaorudi makwao, na umande unawadhuru vifaranga. Kama banda lina hewa nzuri, wape maji na pumba ndani, waache hadi saa tatu hivi. Mitetea wengi hutaga asubuhi, na utaona mayai ambayo siku zote yalikuwa yanatagwa kwenye migomba ya jirani yako sasa yanaingia kwenye viota vyako.